Vidoti Vilivyosimama Izigo

Video ile bado ipo mtandaoni. Watu waliendelea kuifungua muda mrefu baada ya mbio kusahaulika, na hawakuifungua kwa ajili ya mbio. Walitaka ile sehemu ambayo mtangazaji anageuka, ananinyooshea kidole na kusema kwa sauti yake ya harusini: "Watazamaji, mtuwie radhi. Vidoti vimeganda kwa sababu umeme umeyumba, na umeme umeyumba kwa sababu kijana wetu wa jenereta ameuza petroli. Huyu tulimwokota stendi, hata shule hakumaliza. Hii ndiyo faida ya huruma."

Kijana wa jenereta ni mimi. Ninaonekana pembeni ya picha nimeshika waya, mdomo wazi. Ukiongeza sauti utasikia kitu kingine nyuma ya maneno yake: jenereta inanguruma. Inanguruma tangu anaanza kunisema mpaka anamaliza, haikohoi hata mara moja. Jenereta iliyoibiwa petroli ingekuwa imenyamaza. Nimewasikilizisha watu sehemu hiyo mara nyingi, nimewawekea simu sikioni kabisa, nao hunijibu kwamba wanasikia, kisha hunicheka vilevile.

Siandiki kwa sababu nimepoa. Sijapoa. Nilitaka kitu kimoja tu: mdomo uleule, mubashara vilevile, useme kwamba mitambo siku ile ilikuwa mizima na petroli ilikuwepo. Sikutaka aniombe radhi. Radhi yake ningewamwagia kuku.

Niliacha shule kidato cha pili. Ada ilikuwepo na akili haikunisumbua, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabara iendayo Muleba, na mimi nikawa natazama malori. Tangu hapo nimeanika dagaa visiwani, nimepakia kahawa, nimeendesha bodaboda Bukoba mjini, nimeshika kamera za harusi. Nimefungua simu za watu kwa bisibisi, hata simu zisizoharibika, nione tu ndani kuna nini. Kila kazi huifanya mpaka niielewe, nikishaielewa miguu huanza kuwasha. Shangazi yangu wa Izigo, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea, anasema mimi nilizaliwa nikichungulia.

Ndivyo nilivyoingia kwenye mbio za ramani. Kituo kimoja cha vijana cha kanisa kina marafiki Ulaya ya kaskazini, na huko, tuliambiwa, watu wazima hukimbia msituni na ramani na dira kwa hiari yao, hata kwenye baridi. Mkimbiaji anapewa ramani yenye vituo, kila kituo kina kibendera cheupe na cha rangi ya chungwa. Anapita anakotaka, mradi aguse vituo vyote kwa mpangilio. Kituo cha vijana kikaamua kuandaa mashindano Izigo, yakatize vibanja, yale mashamba ya migomba na mibuni yanayozunguka nyumba, na kumalizikia rweya, yale majani wazi yaliyo nje ya kijiji. Tena yaonyeshwe mubashara, ili marafiki wa Ulaya na watoto wa Izigo walioko Dar es Salaam na kwingineko waone. Kila mkimbiaji alifungwa mgongoni kifaa kidogo cha GPS, na kwenye skrini akawa kidoti chenye rangi kinachotambaa juu ya ramani.

Nilipoona kidoti cha kwanza cha majaribio kikitambaa nilijua hiyo kazi lazima niipate. Nikapewa jenereta na kuchaji vile vifaa.

Matangazo alipewa MC mmoja wa harusi na sendofu, mtoto wa Ijuganyondo, rika langu kwa kukisia. Alikuwa na televisheni yake ya mtandaoni katika chumba kimoja mjini Bukoba, na alipenda kuitwa mkurugenzi. Siku ya mbio alikuja porini na suti ya rangi ya zabibu. Sauti yake sitaikataa, ni nzuri. Nimeshawahi kumpiga picha akiwaliza wakwe wa pande zote mbili kabla hata keki haijaletwa.

Ramani ilichorwa na mzee mgeni kutoka kwa hao marafiki. Alitembea Izigo siku nyingi na kofia yake ya nyavu, mkimya, makini sana. Alichora kila njia ya ng'ombe, kila shimo, kila mti mkubwa. Nyumba alizichora kama vimraba vyeusi, na vituo vingine akaviweka nyuma ya hivyo vimraba, kwenye kona za vibanja, ili wakimbiaji wapate taabu kidogo ya kutafuta. Waliomo ndani ya vimraba hakuwachora. Hakuna ramani inayowachora.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Vidoti vilitoka uwanjani kwa pamoja, vikatawanyika, vikaingia kwenye kijani cha migomba. Mkurugenzi alichangamka kama yuko ukumbini. Kisha kidoti chekundu kikasimama. Kikasimama cha bluu palepale, halafu cha njano. Kile chekundu kikaondoka, kikaenda mbele kidogo, kikasimama tena.

"Mbona wanasimama?" akaniuliza, amefunika maiki kwa kiganja.

"Sijui, bosi. Labda wamepotea."

"Wote? Mahali pamoja?"

Nikainama kuangalia vizuri. Kweli, vilikuwa vinasimama mahali palepale, kimoja baada ya kingine, kama walioambiana. Kwenye simu ya mkurugenzi watazamaji walishaanza: mbona picha haiendi, hapo mmeganda, rudisheni. Jasho likamtoka kwenye suti.

"Umeme huo," akasema.

"Umeme upo, bosi. Jenereta inalia, isikilize."

"Unanijibu mimi hewani?"

Hapo ndipo akageuka na kusema yale yaliyo kwenye video. Alipomaliza aliinama, akachomoa waya mkuu kwa mkono wake, akauchomeka tena, akijua kwamba mtambo ukizimwa na kuwashwa huwa unapona. Mtambo uliwaka ukaomba neno la siri. Neno hilo alilijua mzee mchora ramani peke yake, naye alikuwa kituo cha mbali kule rweya, simu yake haina mtandao. Dunia ikabaki inatazama kiduara kinachozunguka mpaka wakimbiaji wa mwisho wakarudi na kunywa soda zao. Aliyeshinda alitangazwa kwa mdomo, na hakuna aliyemwona akishinda.

Jina likanifuata kabla sijafika mjini. Stendi waliniita Petroli. "Petroli, una lita ngapi leo?" Bodaboda akinipita anabana pua. Kibeta, ninakopanga, mama mwenye nyumba hakunisema neno, ila dumu lake la mafuta ya taa lililokaa uani miaka yote lilihamia chumbani kwake. Kazi za kamera zikakauka. Nani anataka mwizi kwenye harusi ya mwanawe?

Hayo yangu ningeyabeba. La shangazi ndilo lililonichoma. Kanisani kwao ana benchi lake, la pili kutoka mbele, upande wa kinamama. Jumapili iliyofuata alipokaa, waliokuwa wakinong'ona walinyamaza. Baada ya wiki kadhaa alihama mwenyewe, akaenda kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na nilipomuuliza alisema pale kuna hewa.

Pamoja na hasira, vile vidoti havikutoka kichwani. Mtu mwingine angekaa na tusi lake. Mimi nilitaka pia kujua kwa nini vilisimama. Nikaokota ramani moja iliyotupwa uwanjani, nikaziwekea alama zile sehemu nilizozikumbuka, nikaenda kuzitafuta kwa miguu.

Ya kwanza ilinifikisha kwenye kibanja cha mzee mmoja mwembamba aliyekuwa akikata majani makavu ya migomba. Nikamwamkia, nikamuuliza kama aliwaona wakimbiaji.

"Wale watoto? Wana adabu," akasema. "Watu wanasema vijana wa siku hizi wameharibika. Wale wote walinisalimia."

"Wote?"

"Wote. Mabinti walipiga magoti kabisa, na zile kaptura zao. Mmoja nilimuuliza ni wa nani, kumbe babu yake tulilima pamoja. Nikampa akamwani." Akanionyesha kikapu kidogo kilichofunikwa, chenye buni zilizochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa, zile tunazompa mgeni atafune.

"Kwa hiyo alikaa?"

"Sasa utapitaje kwenye kibanja cha mtu usikae?"

Nilikwenda nyumba ya pili, na ya tatu. Ilikuwa hivyohivyo. Bibi mmoja aliwapa maji. Mwingine alimzuia kijana mpaka amalize kumweleza habari za mama yake aliyelazwa. Vidoti vilikuwa vizima. Umeme ulikuwa mzima. Watoto wa watu walikuwa wanaamkia wazee, nyumba kwa nyumba, ramani mkononi. Nilicheka peke yangu kwenye migomba mpaka mbwa wa mtu akaanza kubweka. Kisha nikakumbuka benchi la nyuma, na kicheko kikaniishia.

Nilimfuata mkurugenzi chumbani kwake mjini. Alikuwa anakula karanga mbele ya kompyuta. Nikamweleza yote, nyumba moja moja. Nilimtazama usoni wakati naeleza, na niliona mahali alipoelewa, kwa sababu aliacha kutafuna. Yule ni Mhaya kama mimi. Hakuhitaji kufafanuliwa.

"Kwa hiyo," akasema, "unataka nitoke hewani niwaambie watu nilizima matangazo kwa sababu watoto walikuwa wanaamkia?"

"Ndiyo, bosi. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

"Nitachekwa mpaka Mwanza."

"Mimi nachekwa mpaka kanisani."

"Wewe umeshazoeleka." Akarudi kwenye karanga zake. "Ukae nayo tu hiyo petroli. Itapita. Watu watapata kitu kingine."

Kama angekuwa hajui, labda ningemwacha. Alijua. Alijua, akachukua karanga nyingine.

Nilimchukia kwa bidii ambayo sijawahi kuiweka kwenye kazi yoyote. Nilimsoma kama simu iliyofunguliwa mezani. Nilijua anakunywa chai wapi, anamwogopa nani, kamba gani ya kiatu hufunga kwanza. Harusi alizosherehesha nilikwenda bila kualikwa, nikasimama karibu na spika, nikaangalia waya wa maiki yake ukipita sakafuni mbele ya mguu wangu. Sikuukanyaga. Waya ungemnyamazisha, na mimi nilimhitaji aongee.

Mashindano yalipotangazwa tena mwaka uliofuata, marafiki wa Ulaya walileta fundi wao wa vidoti. Mkurugenzi akakosa meza ya kutangaza. Hakuweza kukaa pembeni, si mtu wa pembeni, basi akajiandikisha kukimbia, daraja la watu wazima. Akanunua viatu vya kijani vinavyong'aa na kila asubuhi akawa anapandisha vilima vya Ijuganyondo na kurusha picha zake mtandaoni akipumua. Alitaka kushinda. Alisema wazi kwamba mwaka jana teknolojia ilimwangusha na mwaka huu miguu itamwinua.

Wakati huohuo kituo cha vijana kilitafuta watu wa kujitolea wenye simu, kila mmoja akae kwenye kibendera kimoja arushe picha mubashara. Nikaenda kwa mama mratibu wa kituo.

"Wewe si yule wa petroli?" akauliza.

"Ndiye."

"Simu yako inatumia petroli?"

"Hapana, mama."

"Basi chukua karatasi ya kituo. Unapafahamu Izigo?"

Nikamwambia napafahamu, na kwamba kituo kimoja kiko nyuma ya nyumba niliyokulia, kati ya mibuni na migomba ya shangazi yangu. Akaniandika hapohapo, akafurahi kuokoa nauli ya mtu mwingine.

Jioni ile nilimweleza shangazi nani atapita. Alikuwa anamenya ndizi, kisu hakikusimama.

"Atapita hapa kwangu?"

"Nyuma tu hapo, penye kibendera."

"Yule aliyesema umeiba."

"Huyohuyo."

Akamenya ndizi nyingine. "Mimi nitamsalimia tu," akasema. "Kusalimia mgeni si dhambi."

Asubuhi ya mbio nilimkuta ameshatandika mkeka nyuma ya nyumba. Hakuutandika karibu na kibendera. Aliutandika chini yake, hivi kwamba mtu asingeweza kukigusa bila kumwinamia. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili na kitenge begani, miguu ameinyoosha, kikapu cha akamwani pajani. Nikaiegemeza simu kwenye mbuni, nikaiwasha, nikaona watu wanaanza kuingia mmoja mmoja kutazama.

Vijana walipita kwanza. Walimwamkia mbio mbio, naye akawafukuza kwa mkono: "Nendeni, wanangu, nendeni, nimeitikia." Mabinti waliotaka kupiga magoti aliwainua kabla hawajafika chini. Hajawahi kuharakisha salamu hivyo maisha yake yote. Wakashukuru, wakapotea migombani.

Kisha viatu vya kijani. Alikuwa wa kwanza katika daraja lake, peke yake, jasho limemlowesha, ramani ameikunja kitaalamu. Akaona kibendera, akatabasamu. Akaona mkeka. Akaniona mimi, na simu.

"Kasinge, mama," akaamkia kwa Kihaya, magoti bado yanapanda na kushuka papo hapo.

"Kasinge, baba. Mbona unacheza? Simama nikuone."

Akasimama.

"Wa wapi wewe?"

"Ijuganyondo, mama. Samahani, niko mashindanoni."

"Ijuganyondo kwa nani?"

Akamtaja baba yake. Shangazi akataka babu. Akamtaja babu. Shangazi akasema huyo babu anamsikia tu, je, upande wa mama? Akaeleza upande wa mama, jicho moja kwenye kibendera kilichoning'inia juu ya kichwa cha mwenyeji wake.

"Sasa kaa."

"Mama, nakimbia."

"Unakimbilia nini, kuna msiba?"

Nilijiuma mdomo. Angeweza kuruka mkeka, akagusa kibendera, akaenda. Nilimwona akilipima hilo. Lakini simu ilikuwa inamtazama, na ndani ya simu kulikuwa na watu wa Izigo, na wa Ijuganyondo, na bila shaka mama yake mzazi. Mtu wa harusi anajua wakwe wanatazama nini. Akachuchumaa. Shangazi akafunua kikapu taratibu, akachagua, akamwekea buni chache. Akazipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa na kuzitia mdomoni.

Nyuma yake akafika mwalimu mmoja mwenye kitambi, wa daraja lake, anahema. "Salamu, mama," akasema, na shangazi akamwambia, "Salama, pita, baba, pita," akamsogezea kamba ya kibendera kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu akagusa, akapita. Mkurugenzi akamsindikiza kwa macho.

Hapo nikaichukua simu mkononi, nikasogea.

"Watazamaji," nikasema, na nilijaribu kuifanya sauti iwe ya harusini, "tuko Izigo. Mnaona kwenye ramani kidoti cha mkurugenzi wetu kimesimama. Mkurugenzi, watu wanauliza: mitambo imeganda?"

Akaniangalia. Aliacha kutafuna, kama siku ile ya karanga. Akisema imeganda, yeye huyo hapo, mzima, buni mdomoni. Akinyamaza, kuna mama mtu mzima anasubiri.

"Jibu, baba," shangazi akamwambia kwa upole. "Umeulizwa."

"Haijaganda," akasema. "Mitambo ni mizima. Nasalimia."

"Na mwaka jana?"

Akameza buni. "Mwaka jana pia. Ilikuwa mizima. Walikuwa wanasalimia."

"Petroli?"

"Petroli ilikuwepo." Akainuka. "Jenereta ilikuwa inalia. Umeridhika?"

Shangazi akasogea, akamwachia kibendera, akamtakia safari njema na kumwagiza amsalimie mama yake. Akaondoka na viatu vyake. Nilisimama pale, nimekipata kile kitu kimoja. Mwaka mzima nilikuwa nakitaka, nikakipata kwenye kibanja nilichokulia, kwa mdomo uleule.

Ndipo nikatazama skrini nisome watu wanasemaje.

Walikuwa wanacheka. Maneno yalipanda kwa kasi nikashindwa kuyasoma yote. "Amekuwa sanamu." "Huyo ndiye hajaganda?" "Safari hii petroli kauza nani?" Nikaomba simu ya jirani aliyekuwa anatutazama kutoka barazani kwake, nikairudisha video nyuma, nikaona walichokiona. Mtandao wa pale nyuma ya nyumba ulikuwa umekatika palepale alipofungua mdomo. Picha ilisimama: mkurugenzi amechuchumaa, jicho moja limefumba, buni kwenye ulimi. Na juu ya picha ile iliyokufa sauti yake nzuri ilisikika ikisema, "Haijaganda. Mitambo ni mizima." Kisha sauti nayo ikakatika, na mtandao uliporudi alikuwa ameshaondoka. Mwaka jana, petroli, jenereta, hakuna aliyesikia hata neno.

Alisema kweli mbele ya watu na wakamwona mwongo. Nilijua hali hiyo ilivyo. Nilikaa kwenye mkeka wa shangazi, nikachukua buni, nikatafuna, na nikaona ni tamu kuliko zote nilizowahi kuonja.

Alimaliza nyuma ya mwalimu, na nyuma ya wengine pia, maana baada ya kwetu alipotea kwenye rweya. Kufika jioni mjini ana jina. Haijaganda. Stendi wanamwita hivyo, ukumbini wanamwita hivyo. Nimesikia kwamba harusi moja alipokuwa anamkaribisha bwana harusi, maiki ilikwaruza kidogo tu, na meza ya nyuma yote ikaitikia, "Haijaganda." Walicheka mpaka bibi harusi akainua shela.

Simu yangu, hata mtandao ukikatika, huhifadhi picha yenyewe. Video nzima ninayo. Haina mahali ilipokwama: salamu, ukoo wa babu, buni, mwaka jana, petroli ilikuwepo, jenereta ilikuwa inalia. Nikiiweka mtandaoni mimi nimesafishwa. Na yeye pia, kwa sababu watu wataona hakuwa mwongo siku ile, wala hakuganda, alikuwa anamsalimia mama wa watu kwa heshima.

Alinifuata Kibeta mwenyewe. Alisimama mlangoni bila suti.

"Nasikia unayo nzima," akasema.

"Ninayo."

"Iweke basi. Si ndiyo uliyoitaka? Itatusafisha wote wawili."

Nilimkaribisha ndani. Nikampa kiti, nikamuuliza habari za nyumbani, za mama, za kazi, za vilima vya Ijuganyondo, viatu vinasemaje. Alijibu moja moja, hana la kufanya. Kisha nikatoa simu, nikaiweka mezani kati yetu, nikaifungua, nikaigusagusa.

"Haifunguki," nikamwambia. "Ina matatizo ya kiufundi."

"Wewe ni fundi simu," akasema.

"Ndiyo maana naijua. Ukae nayo tu. Itapita."

Akaondoka. Nilimsikia akifungua geti la uani, akilifunga.

Shangazi huniuliza kila nikienda Izigo. Hataki kulipiza, yake ilimtosha pale mkekani. Anataka video iwekwe ili wenzake wa kanisani waone. "Bado, taata, baba yangu?" huuliza, na mimi humwambia bado, bando limeisha, mtandao unasumbua. Huitikia tu. Jumapili iliyopita nilimsindikiza mpaka kanisani. Alikwenda kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Nilibaki nje chini ya dirisha, simu mfukoni, nikimsikia akiimba. Wakati wa sadaka niliitoa, nikaitazama video ile mpaka mwisho bila sauti, nikairudisha mfukoni.